Nilipima Mguu wa Nani?

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua kwamba mimi na viatu hatupatani. Jozi ya kwanza niliyoagiza kwa simu ilibandukana soli nikiwa nimebeba jeneza kule Kibati, nikamaliza mazishi mguu mmoja ukiwa peku. Suruali niliyoagiza baada ya hapo ilikuja ndefu, ikawa inafagia barabara yote ya Mabanga, hapa Goma. Mlinicheka, na haki yenu.

Kwa hiyo Charline alipokubali niende kwao kumposa, na baba yake akasema kwamba pamoja na mbuzi anataka viatu vya ngozi, nilikaa kitandani nikashika kichwa.

Baba yake ni Muzee Kamate, dereva wa zamani wa malori ya Butembo, mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Kwake kuna sharti aliloachiwa na baba yake, naye baba aliachiwa na babu. Siku ya mahari, mkwe anamvisha baba wa binti viatu vipya mbele ya watu wote. Na namba ya mguu haulizwi mtu.

"Mukwe haulizi pointure," aliniambia. "Anaijua. Mutu asiyejua mguu yangu, atajua namna gani njaa ya mutoto yangu?"

Ningeijuaje? Muzee Kamate havui buti zake za mpira. Anakwenda nazo sokoni, anakwenda nazo misa. Ndani ya buti zile kungeweza kuwa na mguu wa mtoto au wa tembo.

Siku moja nikaenda kwao bila kupiga hodi ya simu, nimewachukulia makala ya kuwashia jiko. Nikapitia nyuma, mlango wa jikoni. Kwenye ngazi nikaona viatu vya kiume vimeinamishwa vikauke, vikubwa, vyenye kamba za bluu.

Moyo ukanidunda kwa furaha. Nyumba ile, nijuavyo mimi, ilikuwa na mwanamume mmoja tu. Kaka yake Charline, Héritier, alikuwa amevuka mpaka zamani, yuko Kampala anauza nguo. Ndivyo Charline alivyoniambia, na ndivyo mtaa mzima ulivyoambiwa.

Nikatoa waya wa chaji mfukoni, nikauingiza ndani ya kiatu kutoka kisigino mpaka nchani, nikaweka alama kwa wino. Niliwahi kumaliza tu, mlango ukafunguka.

Charline aliponiona na kiatu mkononi alibadilika sura. Akaninyang'anya, akachukua na cha pili, akaingia navyo ndani bila salamu.

Nikajisemea, ni aibu ya binti kwa viatu vya baba yake. Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Safari hii sikununua picha. Madame Dorine, anayeuza viatu kwa simu na ambaye mpaka leo sijaonana naye ana kwa ana, alinitumia picha nzuri ya jozi ya kahawia. Nikamwambia picha haina soli. Piga video.

Akapiga video.

"Kunja soli mpaka nione kama inarudi," nikamwambia.

Akakunja. Ikarudi.

"Vuta uzi hapo pembeni. Vuta kwa nguvu, mama. Sasa toa kile kitambaa cha ndani unionyeshe gundi. Kwaruza kidogo kwa kucha tuone kama ni ngozi ao ni rangi."

"Papa," akasema, "unanunua viatu ao unataka kuzioa?"

"Weka rula ndani. Usiniambie namba iliyoandikwa chini, hiyo namba inadanganya. Niambie urefu wa ndani."

Akaweka rula. Ikalingana na alama yangu ya wino bila kuzidi wala kupungua. Namba arobaini na tano. Nikashangaa kidogo, mzee mfupi hivi na mguu ule, halafu nikajijibu kwamba miguu ya madereva hupanuka kwa kukanyaga breki. Mtu akitaka kuamini jambo hakosi sababu.

Viatu vikafika. Vilikuwa vizuri kuliko picha. Nilivinusa, nikavikunja, nikavigongesha, nikalala navyo chumbani kama mtu aliyepata mtoto. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimenunua kitu kwa simu na hakikunidanganya.

Sasa nisikilizeni yaliyonipata Jumamosi.

Tulifika kwao na mvua. Mvua ile ya Goma inayogeuza majivu ya volkano kuwa tope jeusi linaloshika kama gundi. Wenyeji walikuwa wameazima zulia jekundu kwa ajili ya shughuli, hivyo wageni wote tuliambiwa tuvue viatu kwenye baraza ya mbele. Nikavua vyangu, vyeusi vyenye ncha, vimelowa mpaka ndani. Namba arobaini na moja, kama ndugu zangu wote. Nikaingia na soksi.

Sebule ilijaa. Upande wetu mimi na baba mdogo wangu, ambaye ndiye msemaji wetu, na ndugu wachache. Upande wao Muzee Kamate, mkewe, na dada yake Muzee, shangazi Henriette, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kuchonga mbao.

Na katikati, kwenye kiti chenye mto, Papa Védaste, chef wa avenue, yaani kiongozi wa mtaa wetu.

Huyu haalikwi kwa kupenda. Siku hizi chef wa avenue lazima ajue nani analala nyumba gani, na wakubwa zake wanamuuliza kila mara. Ni mpole, anacheka na kila mtu, anakula kila mahali. Lakini vijana wanamwogopa. Mwezi uliopita, mtaa wa nyuma yetu, wenye bunduki wanaokusanya vijana walikuja wakamtoa mmoja aliyekuwa amejificha kwenye plafond, juu ya dari ya kwao. Mpaka leo mama yake anauliza kila mlango.

Mbuzi wakakubaliwa. Vitenge vya mama vikakubaliwa. Shangazi Henriette akaanza vigelegele, na mimi nikapiga magoti mbele ya Muzee Kamate na boksi langu.

Akavua buti. Watu wakanyosha shingo.

Mguu uliotoka humo, wasomaji wangu, ulikuwa mfupi, mpana na mnene, kama chikwange, ule mkate wa muhogo, iliyofunguliwa majani.

Nikaona, lakini ningefanya nini? Nikauingiza katika kiatu. Ukazama. Kisigino kikabaki na nafasi ya kutosha kuweka ngumi. Muzee akasimama, akapiga hatua moja, mguu ukaenda na kiatu kikabaki.

Kicheko kikalipuka.

"Josias!" akapaza sauti shangazi Henriette. "Unamuletea kaka yangu viatu ao mitumbwi? Tumutume kuvua samaki?"

Muzee Kamate hakucheka. Alikaa, akavua kile cha pili polepole, akavipanga pembeni.

"Mutu huyu hajui mguu yangu," akasema.

Basi. Kwao maneno yale ni mlango unaofungwa. Nikatazama kwenye upenyo wa pazia la jikoni, nikaona uso wa Charline, machozi yanamlenga. Baba mdogo akanivuta shati. "Omba musamaha, tutaleta zingine."

Ningeomba msamaha siku ile, leo ningekuwa nawasimulia mambo mengine. Lakini nilikuwa nimechoka kuchekwa kwa ajili ya viatu. Nilikuwa nimekunja soli, nimevuta uzi, nimeweka rula. Safari hii sikukosea! Hasira ikanipanda.

"Nilipima!" nikasema kwa sauti. "Nilipima mimi mwenyewe, kwa mkono yangu! Viatu vya nyumba hii hii! Vilikuwa pale mlango wa jikoni, vyenye kamba za bluu. Vileteni hapa tulinganishe, muone kama mimi ni mujinga!"

Mama yake Charline alikuwa amebeba sinia ya glasi. Sinia ikamwinamia na glasi moja ikaanguka.

Hakuna aliyeiokota. Hakuna aliyecheka tena. Kwenye pazia Charline alikuwa anatikisa kichwa, kidogo sana, hapana, hapana, na mimi nilikuwa nimekwisha kusema.

Papa Védaste akaweka chini mfupa aliokuwa akiutafuna, akapangusa vidole.

"Muzee Kamate," akasema kwa upole, "mimi najua hapa munalala watu watatu. Weye, mama, na mutoto mwanamuke. Hizi viatu kubwa za mwanaume, ni za nani?"

Muzee Kamate akatazama zulia.

Juu ya vichwa vyetu ubao ukalia, mara moja tu, kisha kimya. Mama akaanza kukohoa kwa nguvu.

Hapo ndipo nikaelewa. Nikaelewa kwa nini Charline aliimba kwa sauti kila nilipokuja. Nikaelewa sahani ya ugali niliyozoea kuiona imefunikwa jikoni, ambayo hakuna aliyekuja kuila. Héritier hakuwa Kampala. Hakuwahi kwenda Kampala. Héritier alikuwa juu ya plafond, ananisikiliza, na mimi, mkwe mtarajiwa, ndiye niliyemtaja mbele ya mtu ambaye hakupaswa kusikia.

Mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwingine.

"Ni zangu," nikasema.

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Watu wote wakanigeukia.

"Nini?" akauliza Papa Védaste.

"Zile za kamba za bluu ni zangu, papa chef. Nilizileta hapa Charline anisaidie kuzisafisha. Namba ya muzee sikuijua, na kuuliza nilikatazwa. Nikasema mwanaume ni mwanaume, nikapima zangu mwenyewe. Nikaona haya kuwaambia."

"Yesu Maria!" akasema shangazi Henriette. "Amejinunulia viatu mwenyewe na mahari yetu!"

Kicheko kikarudi, na safari hii nilikipokea kama mvua baada ya kiangazi. Chekeni. Chekeni mpaka kesho. Nilimwona Muzee Kamate ameinua macho kutoka kwenye zulia na kunitazama. Hajawahi kunitazama vile.

Papa Védaste pia alicheka. Alicheka vizuri, mpaka tumbo likatikisika. Kisha akavisogeza vile viatu vipya kwa ncha ya kidole cha mguu wake mpaka mbele yangu.

"Basi uzivae," akasema. "Zisipotee bure. Tuone vile zinakupendeza."

Nikavaa. Arobaini na moja ndani ya arobaini na tano. Nilikunja vidole vya miguu kama kuku anayeshikilia kijiti, nikafunga kamba mpaka zikataka kukatika.

"Tembea kidogo, mukwe."

Nikatembea. Kutoka kwenye kiti chake mpaka mlangoni, na kurudi. Kila hatua kisigino kilitaka kutoka, na kila hatua nilikirudisha kwa vidole mpaka kigimbi kikauma kama kimeng'atwa na mbwa. Kilichoniokoa ni ile suruali mliyoicheka, ile ndefu ya mwezi ule. Ilifunika visigino vyote viwili. Tangu leo sitaki kusikia mtu akiisema vibaya.

"Unatembea kama mutu mwenye kuumwa," akasema shangazi Henriette.

"Ni mpya, shangazi. Ngozi ya kweli inakaza."

Papa Védaste akaendelea kunitazama.

"Na hizo zingine, za kamba za bluu? Ziko wapi leo?"

Uongo mmoja haukai peke yake, unaita mwenzake. "Ndizo nilizokuja nazo," nikasema.

"Aa. Basi ziko pale mbele, ku baraza." Akaweka mikono kwenye magoti ili asimame. "Twende tuzione."

Nikaona mwisho wangu. Pale mbele palikuwa na viatu vyangu vyeusi vyenye ncha, na hakuna kamba ya bluu hata moja.

"Haziko pale, papa chef."

Alikuwa Charline. Alikuwa amefungua pazia, ameshika vile viatu vikubwa kifuani kama anavyoshikwa mtoto mchanga. Vilikuwa vinatoa joto.

"Nilizipeleka ku moto," akasema. "Alikuja zimelowa. Nilisema nizikaushe kwanza, kisha arudi nazo kwao. Hata hivyo ni bwana yangu, ao hapana?"

Sauti haikumtetemeka hata kidogo. Hapo, hata kama nisingekuwa nampenda, ningempenda.

Papa Védaste akavipokea. Akanivua kile kipya cha mguu wa kulia kwa mkono wake mwenyewe, akakiweka soli kwa soli na cha Héritier. Akatazama kisigino, akatazama ncha. Vililingana kabisa. Nimewaambia, nilipima vizuri.

"Sawa," akasema. Akarudisha. "Sawa kabisa. Mama, iko nyama ingine?"

Watu wakapumua. Muzee Kamate akaniita. Nikapiga magoti tena, na yeye akaweka mkono wake mzito juu ya kichwa changu, mbele ya wote.

"Hajui mguu yangu," akasema. Sauti yake kubwa ilikuwa imekatikakatika. "Lakini ninamutaka. Huyu ni mutoto yangu."

Shangazi Henriette akapiga vigelegele bila kuelewa kilichotokea. Mama yake Charline akalia, na watu wakadhani analia kwa ajili ya binti. Nami nililia pia, siwafichi. Nilikuwa nimepata mke, nimepata baba, na juu ya plafond palikuwa na shemeji aliyekuwa bado anapumua.

Tukala. Vile vipya vikafungwa tena katika boksi, nibadilishane na Madame Dorine. Vya Héritier nikavivaa mguuni mbele ya wote, vya moto, maana ndivyo nilivyokuja navyo. Nilikaa navyo mpaka shughuli ikaisha, na nikavizoea. Ilinipasa kuondoka navyo, na Héritier abaki peku. Nikajisemea kwamba mtu wa plafond hahitaji viatu, kesho nitamrudishia.

Mvua ikakatika. Muzee Kamate akasema tuwasindikize wageni. Nikatoka wa kwanza kwenye baraza, naburuta miguu, mkono wangu ndani ya mkono wa Charline. Jua lilikuwa limetoka upande wa ziwa na nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Wageni wakainama kila mmoja kutafuta vyake. Baba mdogo akavaa. Ndugu zangu wakavaa, wakisukumana na kutaniana. Shangazi Henriette akapata sandali zake chini ya benchi. Papa Védaste akavaa vyake bila haraka, akakanyaga ardhi mara mbili kujaribu tope.

Nilikuwa tayari nimeinua mkono kumwambia kwaheri.

Lakini hakuondoka. Alikuwa ameinama tena, anatazama sakafu ya baraza. Nikafuata macho yake.

Jozi moja ilikuwa imebaki.

Nyeusi, yenye ncha, na tope bichi kwenye soli. Mimi niliisahau. Charline aliisahau. Katika furaha ile hakuna mtu hata mmoja aliyeikumbuka.

"Wageni wote wamevaa," akasema Papa Védaste. Akakiokota kimoja, akaingiza vidole ndani, akavitoa vimelowa. "Huyu mutu alikuja leo, na mvua. Aliingia." Akatazama mlango wa nyumba, kisha miguu ya kila mmoja wetu. "Hajatoka."

Charline akanikaza mkono. Nikisema ni vyangu, je, hivi nilivyovaa ni vya nani? Nikinyamaza, ataingia ndani kumtafuta mwenye navyo, na mwenye navyo hayumo, ila atamkuta mwingine. Muzee Kamate alikuwa amesimama kwenye kizingiti na buti zake za mpira, mikono ameshika miimo ya mlango pande zote mbili, kama kwamba mwili wake mfupi ungeweza kuziba nyumba nzima.

Papa Védaste hakumtazama yeye. Alinigeukia mimi, akitabasamu, akaninyooshea viatu vyangu mwenyewe.

"Josias, mutoto yangu," akasema, "weye ndiye unajua kupima. Nipimie hizi. Ni mguu ya nani?"

Nikavipokea kwa mikono miwili, vikiwa vizito kwa maji.